Mwongozo kamili: kuchora pango la bustani la Kiitalia kwa wino bila sanamu kumezwa na giza

Ugonjwa ni mmoja. Kila ninapoletewa mchoro wa pango la bustani, yaani pango lililojengwa na mafundi, wenye sanamu ndani na maji yakimwagika, nakuta pango limegeuka shimo jeusi, sanamu imekaa mbele yake kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi, na maji yananing'inia kama kamba za katani. Aliyechora amejitahidi, tena sana. Mara nyingine karatasi imesuguliwa hadi imetoboka. Mkono wake hauna tatizo. Tatizo ni mpangilio: jambo lililotakiwa kuamuliwa mwanzo kabisa limeachwa hadi mwisho, wakati wino umeshakauka.

Wachoraji wa Baroki, mtindo wa sanaa wa Ulaya wa karne ya 17, waliochora bustani za Italia kwenye mabamba ya shaba ya kupigia chapa, kama Giovanni Battista Falda na Giovanni Francesco Venturini wa Roma, au Stefano della Bella wa Firenze, hawakuwa na rangi nyeupe ya kupaka juu ya giza. Walikuwa na mstari mweusi na karatasi, basi. Mwanga wote unaouona kwenye mabega ya sanamu zao, na povu lote la maji, ni karatasi ambayo wino haukuigusa. Kwa hiyo weupe hauchorwi. Weupe unalindwa, na giza ndilo linalojengwa kuuzunguka. Hatua zote zilizo hapa chini zinafuata kanuni hiyo, na ndiyo maana naomba usiziruke wala usizipange upya.

## Tunachora nini

Kule Tivoli, karibu na Roma, kwenye bustani ya Villa d'Este, kuna chemchemi iitwayo Ovato. Maji yanashuka kutoka juu kama pazia la nusu duara, na nyuma ya pazia hilo kuna njia ya kupita yenye mashubaka ukutani. Ndani ya mashubaka zimesimama sanamu za nimfu, mabinti wa majini wa hadithi za Wagiriki, wakimwaga maji kutoka mitungini. Venturini aliichora chemchemi hii.

Sisi tutachora shubaka moja tu la namna hiyo, lenye nimfu mmoja, mtungi wake na beseni la jiwe chini. Vipimo nimevipanga mwenyewe kwa ajili ya anayejifunza, kwa hiyo mchoro wako hautakuwa nakala ya ukurasa wowote. Ukitoka kwenye shubaka moja salama, chemchemi nzima haitakutisha.

Neno shubaka lisikusumbue. Ni lile tundu la ukutani lenye tao juu, ndugu wa zidaka za nyumba za kale za Lamu, ila hili ni kubwa kiasi cha kusimamisha mtu na ndani lina mviringo kama nusu ya pipa lililokatwa kwa urefu. Mviringo huo ushike vizuri, tutauhitaji sana.

## Vifaa

- Karatasi nene, laini, ya gramu 200 hivi, ukubwa wa A4. Karatasi ya fotokopi hunywa wino, na mstari mwembamba husambaa ukawa mnene.
- Penseli ngumu ya 2H ya kupimia na HB ya kuchorea sanamu.
- Kalamu tatu za wino usioyeyuka kwa maji, zenye ncha za milimita 0.1, 0.3 na 0.5. Ukikosa, bolpeni nyeusi ya kawaida inafaa: bonyeza kidogo kwa mstari mwembamba, zaidi kwa mnene. Ila ifute ncha kwenye kitambaa kila baada ya mistari michache, kwa sababu bolpeni hukusanya kidonge cha wino na kukidondosha mahali usipotaka.
- Rula na bikari.
- Kifutio laini kisichokwaruza karatasi.
- Taa moja ya mezani, yai moja bichi au la kuchemsha, na kipande cha manila nyeupe. Ndiyo, yai. Subiri kidogo.
- Picha za mfano. Metropolitan Museum of Art ya New York inaruhusu tangu mwaka 2017 kupakua bure picha za kazi zake zisizo na hakimiliki, na Rijksmuseum ya Amsterdam nayo inatoa zake. Tafuta kwa majina: Falda, Venturini, Stefano della Bella.

Onyo kuhusu picha: pakua yenye ukubwa kamili. Kwenye picha ndogo ya simu mistari huungana ikawa kijivu kitupu, nawe utaiga kijivu hicho kwa kusugua penseli. Ukikuza picha nzuri utaona hakuna kijivu hata mahali pamoja. Kuna mistari, na kati ya mistari kuna karatasi.

Tenga siku mbili. Siku ya kwanza ni ya penseli, ya pili ni ya wino. Macho yaliyochoka hayawezi kulinda weupe.

## Hatua ya 1: Jaribio la yai

Kunja manila iwe nusu ya pipa na uisimamishe mezani, upande ulio wazi ukikuelekea. Weka yai ndani, juu ya kizibo cha chupa lisibingirike. Zima taa za chumba, washa ile ya mezani na uiweke juu kushoto, mbele kidogo ya manila.

Sasa tazama kwa dakika mbili bila kuchora.

Yai lina mwanga upande wa kushoto na kivuli upande wa kulia. Hilo ulilitarajia. Lakini tazama manila: upande wake wa ndani wa *kushoto* una giza, na wa *kulia* una mwanga. Ni kinyume cha yai. Sababu ni rahisi: ukingo wa kushoto unaizuia taa isiufikie ukuta ulio nyuma yake, wakati ukuta wa kulia umeikabili taa uso kwa uso.

Matokeo yake ni kwamba upande wa yai wenye mwanga umeegemea giza, na upande wa yai wenye kivuli umeegemea mwanga. Yai linajitokeza pande zote mbili bila mtu kulizungushia mstari. Hapo ndipo penye siri ya sanamu yoyote iliyosimama shubakani, na hapo ndipo michoro mingi ninayoletewa inapokufa, kwa sababu aliyechora ametia giza pande zote sawasawa akidhani pango ni giza tu.

Nilichora mapango kwa miaka miwili kabla sijalijua hili. Sikuambiwa na mtu. Niliona kikombe cha chai kikiwa ndani ya kabati lililo wazi, jua la asubuhi likiingia kwa dirishani, nikaacha kunywa chai.

Utajua umefaulu utakapoweza kufumba macho na kusema, bila kubahatisha, upande upi wa ukuta una giza taa ikiwa kushoto na upi ikiwa kulia.

Unayetumia mkono wa kushoto, hamishia taa kulia, na kila nitakaposema kushoto wewe soma kulia. Mkono utatembea kutoka kwenye mwanga kwenda kivulini, wala hautafuta wino mbichi.

## Hatua ya 2: Fremu na vipimo

Kwa 2H chora fremu ya sentimita 12 kwa upana na 16 kwa urefu. Piga mstari wa katikati kutoka juu hadi chini. Kisha pima kutoka ukingo wa chini wa fremu:

1. Sentimita 5: piga mstari mwembamba wa mlalo. Huu ni usawa wa jicho.
2. Sentimita 3.5: sakafu ya shubaka. Shubaka lina upana wa sentimita 6, yaani 3 kila upande wa mstari wa katikati.
3. Kuta za shubaka zipande wima kutoka 3.5 hadi 10.5. Hapo weka sindano ya bikari kwenye mstari wa katikati, fungua sentimita 3, upige tao. Kilele kitafika 13.5.
4. Jiwe la kusimamia sanamu: kutoka 3.5 hadi 5, upana wa sentimita 2.5.
5. Beseni: duaradufu yenye upana wa sentimita 9 na unene wa 1.2, kitovu chake kwenye sentimita 3. Ukuta wake wa mbele ushuke sentimita 1 zaidi.

Angalia kitu kimoja. Uso wa juu wa lile jiwe uko sawasawa na usawa wa jicho. Kwa hiyo juu yake uonekane mstari mnyoofu tu, bila kuona uso wenyewe. Vilivyo chini ya mstari huo, kama mdomo wa beseni, unavitazama kutoka juu. Vilivyo juu yake, kama tao, unavitazama kutoka chini, hivyo unene wa tao uonyeshe upande wake wa ndani. Ongeza tao la pili ndani ya la kwanza, likiachana nalo milimita 3.

Onyo: duaradufu isiwe na ncha pembeni kama jicho. Pembeni inapinda, haikatiki. Izungushe penseli hewani mara tano kabla ya kugusa karatasi.

Utajua umefaulu ukimwonyesha mtu mistari hii mitupu naye akasema anaona mlango wa duara na bwawa mbele yake.

## Hatua ya 3: Sanamu kwa penseli

Sanamu hizi ni ndefu kuliko binadamu wa kawaida kwa kipimo cha vichwa. Tutampa nimfu wetu vichwa 8, kila kichwa milimita 8, jumla sentimita 6.4. Atasimama kutoka 5 hadi 11.4, na juu ya kichwa chake patabaki sentimita 2 za hewa. Usizijaze hizo. Wengi wanafikisha kichwa kwenye tao, na sanamu inaonekana imebanwa kama nguo kabatini.

Uzito wote ubebwe na mguu mmoja, tuseme wa kushoto kwake. Nyonga ya upande huo inapanda, bega la upande huo linashuka. Chora mistari miwili mifupi, wa mabega na wa nyonga, ikiinamiana kama pande mbili za paa. Bila mwinamo huo sanamu itasimama kama askari wa lindo, na maji yake yatakuwa ya bomba.

Mtungi uwekwe kwenye nyonga ya upande mwingine, mdomo ukielekea chini mbele. Mikunjo ya nguo ianzie pale inapobanwa, yaani kwenye nyonga na chini ya kifua, kisha ifunguke kuelekea miguuni. Mikunjo sita yatosha.

Usoni usiweke mboni. Kichwa cha milimita 8 hakina nafasi yake, na ukiilazimisha, nimfu wa jiwe atakuwa mwanamke anayekutumbulia macho kutoka pangoni. Kivuli kidogo chini ya nyusi na kingine chini ya pua vinatosha.

## Hatua ya 4: Ramani ya weupe

Hatua hii ni fupi lakini ndiyo watu wanaiacha. Chukua HB na uzungushie kwa mstari hafifu sana maeneo matatu ambayo wino hautayagusa kabisa:

Kwanza, upande wa nimfu ulio kushoto kwako: paji la uso, bega, mkono, paja na mgongo wa mikunjo. Pili, mkondo wa maji kutoka mdomo wa mtungi hadi beseni, upana wa milimita 3. Tatu, povu pale maji yanapogonga, kama ukubwa wa punje ya harage.

Ndani ya kila eneo andika herufi K kwa penseli, K ya karatasi. Sifanyi mzaha. Mkono ukishashika mwendo wa kuchora mistari hausikii, na ile K humsimamisha mtu. Utaifuta mwishoni.

## Hatua ya 5: Giza, kwa mikupuo mitatu

Sasa wino. Tunaanza na ukuta wa ndani ya shubaka, wala si sanamu.

Mkupuo wa kwanza, kalamu ya 0.1. Chora mistari ya mlalo iliyopinda, ikifuata mviringo wa ukuta. Chini ya usawa wa jicho katikati ya mstari ipande na miisho ishuke, juu yake katikati ishuke na miisho ipande, kama pete za pipa linalotazamwa kwa ndani. Nafasi kati ya mistari ni milimita 1. Kila mstari uanzie ukingo wa kushoto wa shubaka, utembee hadi ufike mwilini mwa sanamu, usimame. Unapofika, inua kalamu taratibu. Usiichomoe kwa ghafla, maana mstari utaishia na kidonge.

Sikiliza hapa: *upande wa kushoto wa sanamu usiuzungushie mstari wa nje*. Miisho ya mistari ya ukuta ndiyo itakayokata umbo la bega, mkono na paja. Utaona umbo likizaliwa lenyewe mstari kwa mstari, na nakuhakikishia mara ya kwanza utasisimka.

Upande wa kulia wa sanamu, chora mistari hiyo kwa uchache, nafasi milimita 2, na sehemu iliyo karibu na ukingo wa kulia iache tupu.

Mkupuo wa pili, kalamu ya 0.1 tena. Nusu ya kushoto tu. Katiza mistari ya kwanza kwa mistari ya mshazari. Pembe iwe finyu, mashimo yawe na umbo la almasi ndefu. Ukikatiza kwa pembe mraba utapata chandarua, na jicho la mtazamaji litaanza kuhesabu mashimo badala ya kuona kivuli.

Mkupuo wa tatu, kalamu ya 0.3. Huu ni wa mahali pawili pekee: kona ya juu kushoto chini ya tao, na nyuma ya goti na mtungi. Eneo lote lisizidi upana wa vidole viwili. Hata hapa, matundu madogo ya karatasi yabaki. Giza la wino mzito halina kina, linaonekana kama doa. Giza lenye matundu linapumua, na macho yanaingia ndani yake kutafuta ukuta.

Kisha kivuli cha sanamu yenyewe. Kinaanguka kulia, chini kidogo ya sanamu, juu ya ule ukuta wenye mwanga. Kichore kwa mistari ya mkupuo wa kwanza iliyosogeleana, ukingo wake ukiwa laini.

Mwisho malizia nimfu. Upande wake wa kulia pekee, kwa 0.1, kwa mistari mifupi inayopinda kufuata mwili. Hapo mstari wa nje unaruhusiwa, kwa sababu amesimama mbele ya ukuta mweupe.

Pumzika kabla ya kuendelea. Simamisha karatasi juu ya kabati, umbali wa mita 2, ukunje macho.

Utajua umefaulu ikiwa kitu cha kwanza kuonekana ni sanamu, tena unamwona upande wa kushoto ambako hukuchora chochote.

## Hatua ya 6: Mawe, makombe na matone

Kuta za nje za mapango haya hazikuwa laini. Mafundi walizifunika kwa tufa, mawe yenye matundu, vipande vya stalaktiti (mawe yanayoning'inia kwenye dari za mapango), makombe ya baharini na kokoto za rangi, ili lionekane pango la asili. Kwenye pango kubwa la msanifu Buontalenti katika bustani ya Boboli, Firenze, watu na wanyama wanatokea ukutani kana kwamba jiwe linayeyuka na kuwazaa. Hata sanamu nne za Wafungwa za Michelangelo ziliwahi kusimamishwa kwenye pembe zake. Leo pale ziko nakala, na zile za asili ziko jumba la makumbusho la Accademia.

Kosa la kawaida ni kuchora mawe kama viazi vilivyopangwa, kila kimoja na mstari wake. Usizungushie jiwe hata moja. Chora vivuli vya mashimo pekee: ndoano ndogo, herufi c, namba 3 zilizolala, zikijikusanya upande wa kulia wa kila kifundo. Upande wa kushoto wa kifundo ni karatasi.

Vifundo viwe vya ukubwa tofauti. Kikubwa kimoja, vidogo vitatu, kisha nafasi tupu, kisha cha kati. Pale juu ya tao vining'inie, kwa sababu tone la maji yenye chokaa hushuka, halipandi. Mtu aliyewahi kuingia mapango ya Amboni kule Tanga ameshayaona matone ya mawe ya namna hiyo na hahitaji maelezo yangu. Na kama uko pwani, okota kipande cha jiwe la matumbawe, kiweke chini ya taa ileile ya yai, uchore matundu yake kwa dakika kumi kabla hujagusa karatasi yenyewe. Hakuna somo la tufa linaloshinda hilo.

Makombe yatosha manne au matano, mistari ikifunguka kama upepeo, karibu na ukingo wa tao. Ukizidisha, pango linakuwa duka la mapambo.

Tumia kalamu ya 0.3 hapa, kwa sababu ukuta wa nje uko karibu nasi kuliko shubaka.

## Hatua ya 7: Maji

Hatua hii imeua michoro mingi mizuri, basi twende taratibu.

Maji yanayoanguka hayana mistari mingi. Yana mwanga, na nyuma yake pana giza. Ukilinda ule mkondo wa milimita 3 hadi hapa, kazi imekwisha kwa sehemu kubwa. Kazi iliyobaki ni ya kutofautisha maji na ngozi ya karatasi.

Pale yanapotoka mtungini maji ni mamoja, laini kama kioo. Hapo usiweke mstari wowote kwa nusu sentimita. Yakishaanza kushuka yanajipinda. Mkunjo wake uanze karibu mlalo kisha uzidi kusimama, maana yanazidi kushika kasi. Hapo weka mistari mitatu au minne ya 0.1, iliyokatika katika, ikifuata mpindo huo. Mistari isilingane urefu wala isigusane. Karibu na beseni mkondo unapasuka: uache mpana zaidi kidogo, weka nukta chache pembeni zikirukia nje.

Povu liache tupu kabisa. Kinacholionyesha ni maji meusi yanayolizunguka.

Maji ya beseni yamelala, kwa hiyo mistari yake yote ni ya mlalo. Karibu na povu pinda mistari miwili au mitatu iwe duaradufu, mawimbi yakisambaa. Mbali na povu inyooke. Chini ya nimfu weka kivuli chake majini, yaani taswira yake: mistari mifupi ya mlalo, mmoja chini ya mwingine, ikiyumba kushoto na kulia. Iache karatasi nyingi kati yake.

Onyo: usichore kivuli cha majini kwa mistari ya wima mirefu. Itaonekana nguzo imezama.

Onyo la pili: ukiona maji hayaonekani, mkono utataka kuongeza mistari ndani ya maji. Uzuie. Ongeza giza *nyuma* ya maji, mistari miwili mitatu kila upande. Hili nimelirudia kwa watu wengi kuliko jambo lingine lolote.

Utajua umefaulu ukifunika sanamu kwa kidole na mtu bado akatambua kwamba pale kuna maji, na yanaelekea wapi.

## Hatua ya 8: Watu walio mbele

Wachoraji wa bamba walipaka shaba vanishi, wakachora kwa sindano, kisha tindikali ikaila mistari iliyofunuliwa. Mistari ya mbali iliwahi kufunikwa isiliwe zaidi, ya karibu ikaachwa muda mrefu ikawa mipana na mizito. Ndiyo maana kwenye chapa zao mbali ni hafifu na karibu ni nzito. Kalamu zetu tatu zinafanya kazi ya ile tindikali, na sasa ni zamu ya 0.5.

Chora watu wawili mbele ya beseni, kulia, miguu yao ikiwa milimita 7 juu ya ukingo wa chini wa fremu. Urefu wao sentimita 2, basi. Utaona ni wadogo mno, na ndivyo inavyotakiwa: mtazamaji hupima bustani kwa mtu, na mtu akipungua bustani inakua. Tazama jinsi Della Bella alivyochora jitu la Appennino, sanamu kubwa ya mchongaji Giambologna, kule Pratolino. Ukubwa wa jitu lile unausoma kwenye binadamu walio chini yake.

Wape kofia pana na majoho, migongo ikitugeukia. Mmoja anyooshe mkono kuonyesha sanamu. Mwingine anaweza kuruka nyuma akikinga uso, kwa sababu bustani hizi zilikuwa na mabomba yaliyofichwa sakafuni ya kuwalowesha wageni wasiojua, na wachoraji walipenda kisa hicho. Sura hazihitajiki.

Watu hawa ndio giza zito kuliko yote kwenye ukurasa, lakini nao waachiwe ukanda mwembamba wa mwanga kwenye bega la kushoto.

Majani machache kwenye pembe ya chini kushoto, kwa 0.5, na jani dogo la kangaga juu ya tao. Acha hapo.

## Hatua ya 9: Ukaguzi na kuokoa

Subiri wino ukauke saa nzima, ndipo ufute penseli na zile K. Ukifuta mapema, mistari ya 0.1 itasambaa kwenye weupe uliouhangaikia siku mbili.

Piga picha kwa simu, uigeuze kioo, yaani kushoto iwe kulia. Makosa ya mwinamo wa sanamu yatajitokeza mara moja. Kisha ipunguze iwe ndogo kama stempu. Kwenye stempu hiyo unapaswa kuona vitu vitatu: umbo jeupe lililosimama, utepe mweupe unaoshuka, na giza upande mmoja.

Kama sanamu bado imezama, tafuta mahali ambapo mstari wa ukuta umevuka kuingia kwenye bega au paja. Kwangua mstari huo kwa ncha ya wembe uliolazwa, mara mbili tatu kwa wepesi, kisha lainisha karatasi kwa ukucha. Usipitishe wino tena hapo, utasambaa.

Kama sanamu inaonekana imebandikwa, giza lako liko pande zote mbili. Huwezi kulitoa upande wa kulia, lakini unaweza kuzidisha wa kushoto kwa mkupuo mmoja wa 0.3 hadi tofauti ionekane.

Kama ukurasa wote ni kijivu, tatizo limetoka hatua ya 4. Chukua karatasi mpya. Vipimo unavyo, sanamu mkono umeshaizoea, na safari hii penseli itakuchukua nusu ya muda.

Ukimaliza shubaka hili mara mbili, nenda Frascati kwa njia ya picha za Falda, kwenye ukumbi wa maji wa Villa Aldobrandini. Una mashubaka matano yaliyopangwa nusu duara, la katikati likiwa na Atlasi, jitu la hadithi za Wagiriki, aliyebeba tufe mabegani. Kabla ya kupiga mstari wowote, simamisha manila tano mezani kwa nusu duara, yai ndani ya kila moja, washa taa moja kushoto. Utakuta giza halikai mahali pamoja kwenye mashubaka yote. Chora kwanza hizo manila.